Waridi la Rangi ya Chai

Mtu akiniambia niliota, namwambia aje nyumbani kwangu, hapa karibu na Tawa, nimwonyeshe mkasi. Mimi si mtu wa kuonaona vitu. Niko kwaya ya kanisa, na hadithi za wafu wanaotembea nilikuwa nikizicheka mpaka machozi. Hii siicheki. Ilinitokea saa sita na nusu mchana, jua likiwaka, nikiwa nimeshika karai la maji ya vyombo.

Niliolewa na mwanamume aliyefiwa na mke. Marehemu alimwachia msichana wa miaka minane, Mwende, na mti mmoja wa waridi mbele ya jikoni. Niamini, waridi kama lile sijaliona kwingine: rangi ya chai ya maziwa, na pembeni kahawia kidogo. Majirani waliniita Mama Mwende tangu wiki ya kwanza. Mwende mwenyewe aliniita Aunty. Nilitamani sana aniite mama, nikadhani nikilitunza lile waridi atanifungulia roho. Maji yetu tunayachimba kwenye mchanga wa mto, tunayabeba mgongoni, lakini waridi halikukosa maji ya vyombo hata siku moja.

Likanishinda. Mwaka wa pili lilianza kutoa maua madogo mekundu, ya kawaida kabisa, na ile rangi ya chai ikapotea. Mwende aliyaangalia, akageuka akaenda zake. Nilijua ananilaumu, na iliniuma.

Siku hiyo mama mmoja alisimama langoni. Leso ya kijani, viatu vya plastiki, mtu wa kawaida tu. Aliomba maji, akanywa kikombe kizima, halafu akalitazama waridi.

"Haya matawi yametoka chini, pale waridi mbili ziliunganishwa," akasema. "Ni ya waridi ya msituni. Yanakula chakula ya ile ingine. Toa yote."

"Sina kitu ya kukatia," nikamwambia.

Akaenda moja kwa moja hadi banda la mbuzi, akapenyeza mkono chini ya bati, akatoa mkasi wa kukatia miti. Mimi sikujua kuna mkasi pale. Wewe ungefikiria nini? Mimi nilifikiri ni jirani wa zamani. Alikata kwa mkono wa kushoto, harakaharaka, bila kuchomwa na mwiba hata mmoja. Kisha akaniwekea mkasi mkononi.

"Fanya hivi kila mwaka kabla ya mvua."

Nikamuuliza jina.

"Mimi ni Mama Mwende."

Nikacheka. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na ukiita Mama Mwende sokoni watageuka sita. "Basi tuko wawili," nikasema, naye akacheka. Akaangalia njia ya shule kwa muda mrefu. Akauliza kama watoto bado huja nyumbani kula saa saba. Nikasema ndiyo. Sikumwambia akae. Maharagwe yangu yalikuwa yanaungua, nikakimbilia jikoni, na niliporudi hakuwepo.

Mwende alifika mbio kama kawaida. Aliona matawi chini, akaona mkasi, akasimama.

"Nani amekupa mkasi ya mwaitu?" Mwaitu ndivyo alivyomwita mama yake.

"Kuna mama amepita hapa akakata."

"Alikata na mkono gani?"

Nilipomwambia wa kushoto, alikaa chini mchangani na begi mgongoni. Hakula.

Jioni nilimweleza mume wangu. Alikuwa ameutafuta mkasi huo tangu mazishi. Alifungua sanduku, akatoa picha ya marehemu, ambayo alikuwa ameificha kwa heshima yangu. Ni yeye. Uso ule ule, kicheko kile kile. Picha ikaniponyoka, ikaanguka. Nilikuwa nimempa kikombe mtu aliyezikwa nyuma ya nyumba yetu.

Mwende ndiye aliyeiokota. Akaniangalia mimi, si picha.

"Ilikuwa karibu saa saba. Mbona hukumwambia aningoje?"



Mchungaji alishauri mti ung'olewe. Nilikataa, nikamwambia waziwazi kwamba akitaka kuung'oa aning'oe mimi kwanza. Waridi limerudi na rangi yake ya chai. Mwende siku hizi anabeba sahani yake ya mchana anaenda kula langoni, akitazama barabara. Haniiti Aunty wala mama. Haniiti kitu.

Kwa hivyo wewe uliyeolewa mahali pa mwingine, nisikilize. Akija mgeni anayelijua boma lako kuliko wewe, usikimbie, na usimwache aende. Mpe kiti, mshike kwa maongezi. Nina mtoto ambaye angetosheka na dakika kumi tu, na aliyemnyima ni mimi.