Kona ya Chini ya Mwamba

Mama, au Mwaitu kama ninavyomwita, alinituma kwenye kilima cha nyuma ya mji wa Salama kwa sababu magoti yake hayapandi tena. Alikuwa amesikia kanisani kwamba kilima kizima kimechimbwa njia za baiskeli, na kila Jumamosi watu wanatoka Nairobi kuja kuteremka kwa kasi.

"Nenda uangalie kama wanapita juu ya mtoto," alisema, akiendelea kuchagua ndengu.

Mtoto huyo ni dada yangu, kifungua mimba wa mama. Aliishi siku mbili. Kwetu mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo wazee walimwita kiimu, wa mizimu bado, asiyekubali kukaa nasi. Aliyekufa bila jina hakuwekewa msalaba wala jiwe. Wanawake walimzika, wakarudi kupika. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, na tangu utotoni nimehisi kwamba kila chumba ninachoingia kuna mtu ametoka sasa hivi.

Mama alikuwa na alama moja ya kaburi: matuta mawili chini ya mwamba unaotoa maji, penye mti wa mukau. Nilikodi baiskeli kwa jamaa anayeongoza wageni, nikamfuata. Mwamba niliuona. Mukau haukuwepo, ulishakuwa makaa zamani. Njia ilishuka imenyooka, vumbi jekundu likiruka, nami nikihesabu matuta bila kujua gurudumu langu linakanyaga nini. Baada ya la pili, njia ikapinda kushoto ghafla, ikazunguka kipande cha nyasi chenye upana wa kitanda, ikarudi mahali pake. Nilishika breki, nusura nianguke.

"Kona hiyo imeangusha wengi," kiongozi alisema akicheka. "Sisi tulichora moja kwa moja. Lakini waliochimba ni akina mama wa mwethya, na hao hawasomi ramani ya mtu."

Mwethya ni kundi la wanawake wanaochimbiana matuta kwa zamu. Mkubwa wao huuza uji pale njia inapoishia. Nilimwambia mimi ni mtoto wa nani, nikamuuliza kuhusu kona. Kwanza alinijazia kikombe.

"Siku ya kumzika dada yako, mimi ndiye niliyebeba jembe," alisema. "Nilikuwa sijaolewa. Sasa tulipochimba njia hii na kufika hapo na kamba ya kupimia, nikawaambia wenzangu, tunapinda. Hakuna aliyeuliza."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Mama yako hajawahi kumtaja. Ningeanzaje mimi?"

Nilipanda tena nikisukuma baiskeli, nikakaa kando ya nyasi zile. Waendeshaji wawili wakateremka, magurudumu yakivuma. Kwenye kona mvumo ukafifia, wakapita polepole, kama watu wanaopita mlangoni pa mgonjwa. Kisha wakaenda zao.

Jioni nilimweleza mama yote. Vidole vyake vilisimama ndani ya ndengu.

"Hapo kwenye kona," aliuliza, "wanapunguza mwendo?"

"Lazima wapunguze, Mwaitu."

"Basi hawatamwamsha," alisema, akainua ungo, akaanza kupepeta.