Bolti Kubwa ya Katikati

Shemeji yangu alinikataza kusimama karibu na gari langu mwenyewe. Alinionyesha benchi lililo ukutani, wanapokaa wenye magari wote, akasema limeshabeba watu wazito kuliko mimi na halijavunjika. Mafundi wenzake wawili walicheka bila kuinua vichwa. Nilikwenda nikakaa.

Yeye ni mume wa dada yangu mdogo, mzaliwa wa Goma, na ana nafasi yake katika gereji moja chini ya mtaa wa Nengo, hapa Rubavu. Mimi kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao. Dada yangu alipotaka kuolewa naye nilimwandikia barua ya sababu saba za kumkataa, kila sababu na nambari yake. Siku ya tatu ya ndoa alimwonyesha mumewe ile barua. Alidhani wangecheka pamoja. Tangu siku hiyo shemeji hajawahi kuniita kwa jina langu, wala kwa jina la ukoo wa mke wake. Ananiita secrétaire, yaani karani, hata mbele ya mama yangu, hata mezani wakati wa sala ya chakula.

Nilimpelekea gari kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mafundi wanne kabla yake walifungua boneti, wakaiona injini, wakaifunga. Ni injini ya rotari. Haina pistoni, ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vyenye pembe tatu, vinavyozunguka juu ya mhimili mmoja. Mbele ya mhimili huo hukaa puli kuu, ambayo kwa mikanda yake huendesha pampu ya maji na mtambo wa kuchaji betri. Puli yangu ilikuwa imemeguka ukingo na ilikuwa imeshakula mikanda mitatu. Mkanda ukikatika katikati ya mlima wa kwenda Musanze, maji hayazunguki, na injini ya aina hii ikichemka mara moja, mara nyingi ndiyo mwisho wake. Rubavu nzima sikumjua fundi aliyewahi kuifungua na kuifunga tena ikawaka. Na gari hilo nililipata kwa kutoa shamba langu la viazi la Mudende, lile aliloniachia baba. Likifa, sina shamba wala gari.

Puli mpya ilitoka Ubelgiji, kwa binamu yangu. Ndani ya boksi alikuwa ameweka kurasa mbili za maelezo kwa Kifaransa, na sentensi moja ilikuwa imezungushiwa mstari. Ilisema puli hutoka kwa kufungua bolti ndogo nne tu, na kwamba bolti kubwa ya katikati isiguswe. Chini yake ilielezwa kwa nini. Nyuma ya bolti hiyo kuna beringi nyembamba ya vijiti, inayoshikiliwa mahali pake na kukaza kwa bolti peke yake. Bolti ikilegea, beringi inaweza kushuka. Ukikaza tena bila kujua, unaisaga, na injini yote lazima ivunjwe.

Nilizikunja kurasa zile nikazitia mfukoni mwa shati ili nimpe. Asubuhi ile, baada ya salamu fupi, nilianza kumwambia kwamba kuna karatasi moja angepaswa kuiona. Hakuniacha nimalize.

"Karatasi yako moja nilishasoma," alisema. "Ilinitosha."

Ndiyo sababu nilikuwa benchini na karatasi ikiwa bado mfukoni.

Alifanya kazi vizuri, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Alitoa feni, akalegeza mikanda, akapanga kila bolti kwenye gazeti kwa mpangilio wa kuzitoa. Muda wote aliwasimulia wenzake, kwa sauti ya kunifikia, habari za watu wanaonunua gari kwa kutazama picha. Akasema gari yangu ni kama bwana harusi aliyevaa suti juu ya njaa. Nilitazama ziwa. Ua wa gereji ile umeteremka kuelekea ziwani, na magari yote huegeshwa pua chini, ili lenye betri iliyokufa lisukumwe kidogo na kuwaka lenyewe mtelemkoni. Langu pia lilikuwa pua chini.

Kisha akaniita. "We secrétaire, fanya kazi kidogo. Ingia mu gari, tia gia ya tano, kanyaga frein, usiachie."

Nilipokuwa nafungua mlango nilimwona akichukua soketi kubwa na bomba refu la kuongezea mkono wa spana. Hapo nilijua. Mtu hahitaji bomba kwa bolti ndogo. Katika magari ya kawaida, yale yanayojaa gereji ile kila siku, puli hushikwa na bolti moja kubwa ya katikati, na mkono wake uliizoea bolti hiyo kama unavyozoea kitasa cha nyumbani. Alikuwa ameziona zile ndogo nne. Baadaye alisema alidhani ni za kushikia bati la mbele.

Ningeweza kusema wakati ule. Niliingia garini. Nilitia gia ya tano. Nilikanyaga breki kwa mguu wote na nikashika usukani, na ndani ya kichwa changu sikuwa na gari wala shamba la Mudende. Nilikuwa na picha moja tu, ya uso wake pale atakapoambiwa mbele ya wenzake kwamba ameua injini. Niliisubiri picha hiyo kama mtu anayesubiri chai.

Bolti ililegea kwa mlio mmoja mkavu, na gari likatikisika. Mlio ule ndio ulionirudishia akili. Nilifungua mlango nikapiga kelele.

"Usilegeze tena! Bonyeza hapo hapo, usiachie!"

"Nini?"

"Kitovu cha puli. Kisukume ndani. Kuna beringi nyuma, itaanguka."

Kwa mara ya kwanza tangu tujuane alinitii. Alishindilia kiganja chake katikati ya puli, mwili wote ukiwa umelala juu ya injini, akabaki hivyo. Nilitoa karatasi nikamsomea, nikitafsiri mstari kwa mstari. Aliponisikia nikifika kwenye neno la kusaga, alifumba macho. Hakuuliza karatasi imetoka wapi. Aliuliza jambo moja tu, kama imeandikwa la kufanya.

Iliandikwa. Pua ya gari iinuliwe, ili uzito wa mhimili usielekee mbele. Pua yetu ilikuwa imeelekea ziwani.

Wenzake walikuwa wameshavuka barabara kwenda kula. Ilibidi niweke jeki mimi, ambaye sijawahi kuinua gari kwa mkono wangu. Nilitafuta mawe meusi ya volkano nikayatia kwenye magurudumu yote, mbele na nyuma, naye akiniongoza kutoka juu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Aliniita mtu wa kalamu, akaniita mzigo wa dada yangu, akasema gari ikimwangukia mkono nitaandika muhtasari wake vizuri. Kila nilipopiga jeki, gari lilipanda kidogo na yeye akapanda nalo, ameinama, mkono umezama ndani hadi begani, shavu limegusa ukingo wa boneti. Nilipiga taratibu. Nilikuwa namchukia na nilikuwa nahesabu kila pigo la jeki ili asiumie, na mambo hayo mawili hayakugombana hata kidogo.

Pua ilipokuwa juu vya kutosha niliweka vigogo viwili chini. Aliniambia nimpe soketi ile ile na mkono wake mfupi, bila bomba. Aliikaza bolti kwa vidole, kisha kwa soketi, polepole, akisimama kila robo ya mzunguko kusikiliza. Mwishoni nilirudi kwenye breki naye akaimalizia kwa nguvu zake zote.

Kulikuwa na kipimo kimoja kilichobaki. Karatasi ilisema mhimili ukiwa salama huteleza mbele na nyuma kwa unywele tu. Ukiwa mgumu kabisa, beringi imebanwa. Alishika kitovu kwa mikono miwili, akasukuma, akavuta. Hapakusikika kitu. Lori lilikuwa linapita barabarani. Alisubiri lipite, akasukuma tena, akavuta.

Tik.

Nilisikia kutoka kwenye kiti. Alirudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa tik ile ile ndogo.

Alifungua bolti zile nne, akatoa puli iliyomeguka, akafunga mpya, akarudisha mikanda na feni, kisha tukalishusha gari kutoka kwenye vigogo. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto hadi maji yalipoanza kuzunguka vizuri, akaweka sikio karibu na mikanda. Ilikuwa inanguruma sawasawa. Aliizima, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, kidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa unajua tangu nilipokamata ile soketi," alisema.

"Ndiyo."

"Na ukaingia mu gari, ukakanyaga frein."

"Ndiyo."

Alijifuta mikono. Wenzake walikuwa wanarudi, na nilidhani atapandisha sauti ili wamsikie. Aliishusha.

"Ingekufa, dada yako angesema ni mi niliiua. Familia yenu yote ingesema. Na we ungenyamaza?"

Nilimjua dada yangu, na nilijua jinsi ambavyo mezani kwa mama jambo hilo lingekuwa sababu ya nane, tena bila mimi kuiandika. Nilichukua ufunguo kutoka juu ya gazeti. Niliondoa mawe magurudumuni, nikarudisha gari nyuma, nikapandisha mtelemko hadi barabarani, na sikumjibu, kwa sababu jibu nililokuwa nalo lilikuwa ndiyo.