Ng'ambo ya Mwenzangu

Mwenzangu alipopata nafasi ya kwenda Uholanzi kufanya utafiti, nilimpongeza mbele za watu, nikambebea begi mpaka stendi ya Vwawa, na basi lilipoondoka nikasema moyoni, potelea mbali. Tuliajiriwa pamoja kwenye kituo cha utafiti wa kahawa hapa Mbozi, tukakaa meza moja, tukatumia darubini moja kwa zamu. Nafasi ile tuliiomba wote wawili. Yeye akachukuliwa, mimi nikabaki na darubini. Watu wakanifariji kwamba angalau sasa sina wa kugombania naye.

Wivu wangu haukuwa wa ndege wala theluji. Nilikuwa na shamba la majaribio kule Itaka, na mibuni yake ilikuwa na madoa ya kahawia kwenye majani, ncha za matawi zinakauka. Msimu mzima nilipulizia dawa ya ukungu, na madoa yakazidi kustawi kana kwamba nimeyatilia mbolea. Mwenzangu akaniandikia nimtumie sampuli. Nikachuma majani, nikayabana kwenye magazeti, nikahangaikia cheti cha afya ya mimea na vibali vyote. Majani ya Itaka yakapanda ndege, na mimi niliyeyachuma nikapanda bodaboda kurudi nyumbani. Njiani nilicheka peke yangu, ila nilikuwa nimenuna.

Alinipigia nikiwa shambani, hata kabla maabara haijatoa majibu. Alikuwa anakunywa chai na mtafiti kijana kutoka Ethiopia, akamwonyesha picha ya majani yangu kwenye simu, na yule akamwambia papo hapo kwamba ule si ukungu, ni bakteria, kwao milimani inawasumbua kila zikija mvua za baridi. Maabara ikaja kuthibitisha hivyo hivyo.

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa chini palepale shambani. Kilichoniuma ni ile chai. Nilikuwa nimesoma, nimepima, nimepulizia, kumbe jibu lilikuwa limekaa mezani na kikombe mkononi, mahali ambapo mimi sikuwapo. Hapa kituoni chai nakunywa na mlinzi na mhasibu. Ni watu wazuri sana, lakini nikiwaonyesha jani wananiuliza kama bei ya kahawa itapanda.

Nikaomba tena. Nafasi zile ni za watafiti wanaoanza kazi, waliomaliza shahada karibuni, na mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho kwangu kuhesabiwa miongoni mwao. Jibu likaja Ijumaa: hapana. Kesho yake nikateremka Tunduma kwa mama, nikamkuta jikoni, nikamwambia, "Mama, nimenyimwa kwenda ng'ambo."

Mama hakuuliza zaidi. Alijifunga kitenge, akatoka, nami nikadhani anakwenda dukani. Nilisahau kwamba kwetu Tunduma ng'ambo ni Nakonde, pale Zambia, ambako yeye huvuka asubuhi na vitunguu vyake na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Alirudi akihema. Alikuwa amekwenda mpakani kumwuliza afisa mmoja anayefahamiana naye.

"Kasema hana shida na wewe, mwanangu. Mradi una kitambulisho, upite tu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu yakakataa kukoma. Nikamweleza ng'ambo niliyoitaka ni ipi, na kwamba mwenzangu yuko huko, na kwamba mimi sitaweza kuomba tena. Akavuta kigoda, akakaa, akalifikiria jambo langu kama mtu wa mpakani anavyofikiria.

"Na huyo mwenzako, yeye alipitia kwa nani?"

Jinsi nilivyotamani kumtajia mtu! Mjomba wake, mkubwa fulani wizarani, yeyote yule. Ningekuwa na wa kumlaumu, nikalala usingizi wangu.

"Hakupitia kwa mtu, mama. Alinizidi."

Mama akainama, akavuta kuni moja nje ya moto.

"Basi akirudi ndiye atakuwa mkubwa wako," akasema taratibu. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo," nikamjibu. Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti, na lilikuwa chungu vilevile kama nilivyoogopa.