Kucha za Koko Juu ya Picha

Kri, kri, kri. Sauti ile ingali masikioni mwangu: kucha za koko, bibi yangu, zikikwaruza picha mbele ya ukoo mzima, na aliyeileta picha ile ni mimi, basi chekeni tu.

Koko alikuwa na picha moja tu ya marehemu mume wake, ya siku ya ndoa yao kule Nyantende, amesimama na padri muzungu mbele ya kanisa, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja cha mutoto. Macho yake yanafifia, akaniambia mimi mujukuu wake, "Mama, nataka nimuone vizuri mara moja tu kabla ya giza." Mimi na ndoto zangu, nikaitia kwenye application ya kupaka picha za zamani rangi, nikabonyeza "améliorer", yaani boresha, nikaichapisha kubwa, plastifiée kabisa, imefungwa ndani ya plastiki, nikaifunika kitenge ili aifunue mwenyewe siku ya misa ya kumukumbuka muzee (kwenye simu yangu iliyopasuka kioo nilimuona anang'aa, nikasema amependeza).

Kitenge kikaanguka. Padri muzungu aliyewafungisha ndoa alikuwa sawasawa, hata matofali ya kanisa yalipata rangi yao, lakini muzee amepauka kama maji ya muchele, midomo ya waridi.

Tonton mumoja wa Idjwi, mudogo wa muzee, akasema, "Shemeji, kumbe tulizika muzungu? Mbona hukutuambia?"

Watu wakacheka. Koko hakucheka. Alikwaruza shavu la muzee kwenye picha akidhani ni poda. "Mumemuweka wapi?"

"Ni mashine imekosea, koko."

Nilipotamka vile hasira ikanipanda, na mpaka leo haijashuka. Imekosea namna gani, na padri haikumukosea? Améliorer nini? Nani aliiambia uso wa muzee wangu ni kosa la kusahihisha?

Koko akanikamata mukono. "Huyu mutoto alichukua rangi ya babu yake. Angalieni." Akainama karibu kabisa, akaona mukono wangu nao umepauka, akapandisha mukono wa blauzi yangu mpaka kwenye kiwiko, pale ambapo mafuta ya kujichubua hayajawahi kushinda (nataka kusoma habari kwenye televisheni, na niliambiwa weupe unasaidia). "Apana, iko hapa. Imebakia hapa."

Hakuna aliyecheka tena. Heri wangecheka.

Uso wa mutu wangu sitaupa mashine tena. Wageni wakiwa bado wanakula, nilizunguka nyuma ya nyumba peke yangu, nikaminya ile chupa ya mafuta ndani ya choo mpaka ikatoa upepo mutupu.