Daktari alikataza grapefruit, sisi tukakataza zabibu

Wakuu, habari za Jumapili. Niko Voi, nimeshiba, na mama, aliyekuja kunitembelea, yuko jikoni anaimba. Haya ni ya kweli. Nikitia chumvi atanisuta mwenyewe.

Mama ni mkulima wa Rukanga. Ana kansa ya thyroid, ile tezi ya shingoni. Alipasuliwa, akapewa iodini ya mionzi, lakini ugonjwa ukatokea kwenye mapafu. Ndipo daktari akamwanzishia vidonge vya kila siku, kinase inhibitor. Si chemo. Seli ya kansa hupokea amri ya kukua, na kidonge kinaziba njia ya hiyo amri.

Sharti mojawapo: asile grapefruit, inazidisha nguvu ya dawa mwilini.

Mama akacheka. "Zabibu? Rukanga hii nitazitoa wapi?"

Nami nikaona sawa, grape si zabibu? Tukapita.

Scan ya kwanza, uvimbe umepungua. Tukachinja kuku.

Halafu nyayo zikachubuka. Pressure ikapanda, tumbo likaharisha. Tulikuwa tumeonywa, lakini hii ilizidi. Mama akashindwa kukanyaga sakafu.

Siku ya kliniki akaniambia, "Leo namrudishia vidonge vyake. Heri nife nikitembea."

Wakuu, niliogopa sana. Bila hivyo vidonge, hatukuwa na kingine.

Sasa mama haendi kwa mtu mikono mitupu, hata akienda kugombana. Akabeba mfuko wa mabalungi, yale mama mdogo humtumia kutoka Mata.

Daktari akafungua, akatoa moja akaligeuza. "Mama, haya unayala?"

"Kila asubuhi. Dawa yako imeniharibu mdomo, haya ndiyo yananipa hamu ya kula."

"Mama, hii ndiyo grapefruit."

Mama akanitazama, kisha daktari. "Na zabibu je?"

"Zabibu kula tu."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akamkataza mabalungi, akasimamisha dawa kwanza, nyayo zikapona, akamrudishia kwa dozi ndogo. Scan ya juzi, uvimbe umetulia. Haujaisha, ila umetulia, na mama anaenda shambani kwa miguu yake. Nimeridhika.

Nilichojifunza: ukikatazwa chakula, uliza kinaitwaje kwenu. Na dawa ikikusumbua, usiiache kimyakimya, nenda ukaseme, hata kama ni kwa kugombana.

Kwenu balungi mnaliitaje? Na nani mwingine ana mgonjwa kwenye hivi vidonge? Semeni, tusaidiane.

Leo nimemnunulia mama zabibu hapa Voi. Ameonja moja, akakunja uso.

"Ndizo hizi nilizokatazwa? Hata singezililia."