Doti ya Kanga Mbele ya Maprofesa

Nayasema mwenyewe kabla hamjayasikia sokoni, maana waliokuwemo ukumbini ni wengi na Bagamoyo haifichi kitu.

Mdogo wangu Mwanaidi ni muuguzi wa zahanati, upande wa Msata. Mwaka huu alichaguliwa kueleza utafiti wake kwenye kongamano la afya lililofanyika hapa hapa mjini, ukumbi wa hoteli. Alikuwa amefuatilia kwa nini wajawazito wanachelewa kuanza kliniki na nini kinawafanya wawahi. Kila mtoa mada aliruhusiwa mgeni mmoja, akanichukua mimi niliyeishia darasa la saba (angeweza kumchukua mwenye elimu yake, lakini sikumkumbusha).

Asubuhi anapiga pasi akaniambia, "Dada, leo si sherehe. Mle ndani wamo wanaotafuta mtu wa kumsomesha shahada ya pili. Nami nina dakika kumi tu."

Nikamwambia nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba ni siku kubwa, na siku kubwa mtu hatoki mikono mitupu, nikatia doti ya kanga mkobani. Balaa lote lilianzia hapo.

Zamu yake ilipofika, Mwanaidi akapanda jukwaani. Alisema Kiingereza, sikufuata kila neno, lakini nilimtazama mtoto niliyembeba mgongoni akiwaeleza watu wenye mvi, hana karatasi mkononi, sauti haitetemeki, machozi yakanilengalenga. Kisha ukutani ukatokea mchoro wenye mstari unaopanda, na ukumbi mzima ukanyanyua simu kuupiga picha. Sasa jamani, kwetu simu zikinyanyuka namna ile ni bibi harusi katoka, na mwenye kutuza anyanyuke. Nikanyanyuka.

Nikapiga kigelegele (kirefu, siwezi kusema uongo), nikaenda mbele nimetandaza kanga, na sikujua kwamba ile mashine ya picha inamulika kutoka nyuma yangu, basi kivuli changu kikaufunika mchoro wote, kilemba kwa mabega, na nilipogeuka kuona watu wanacheka nini, mguu ukanasa kwenye waya. Picha ikazimika.

Mwenyekiti, profesa mmoja mpole, akasema, "Hongera mama, lakini bado hajamaliza."

Nikaganda pale na kanga yangu. Mwanaidi akashuka, akaipokea, akaitupia mabegani, akasema kwa Kiswahili wote wasikie, "Huyu ni dada yangu, ndiye aliyenilea. Nenda kakae, dada, tuendelee." Fundi akihangaika na waya, yeye akaendelea bila picha, yote yakitoka kichwani. Kengele ikalia hajafika mwisho.

Wakati wa chai nilijibanza nyuma ya mabirika. Nikaona watu wanamfuata. Mama mmoja mtafiti wa Dar akachukua namba yake, akamwambia anafanya kazi kama ile kwingine, waandike pamoja. Daktari mmoja kijana akambishia, zahanati moja haitoshi kuthibitisha kitu, na mdogo wangu badala ya kununa akamwomba amweleze zaidi. (Mimi mtu akisema chapati zangu ngumu, salamu yangu haioni tena.)

Haki isemwe: hayo aliyapata kwa kazi yake, si kwa kanga yangu. Jioni nikamwuliza kama nimemharibia. Hakunibembeleza.

"Ulinikosesha sehemu ya mwisho, dada. Ndiyo niliyoipenda zaidi." Akaikunja ile kanga. "Ila yule mama anataka nikaieleze yote kwao Dar. Na yeye ni mmoja wa wanaochagua wa kusomeshwa."

"Alhamdulillahi. Basi mimi nitabaki nyumbani."

"Utakuja. Lakini mkoba nitaupekua mimi."

Nitakwenda. Nimeapa kukaa safu ya nyuma, mikono mapajani, na simu zikinyanyuka nitazame sakafu. Kigelegele nimekiweka akiba. Wakimchagua, nitakipigia jikoni kwangu, ambako waya pekee ni ule wa kuanikia nguo.