Nyumba ya Bulaimu Iliyohesabiwa Mti

Mzee Bulaimu, fundi cherehani wa mtaa wa Alunguli, ndiye mtu pekee wa Kindu aliyewahi kuhesabiwa kuwa kilele cha mti. Wala haikuwa bahati mbaya. Jambo hilo alilitolea jasho miaka mingi.

Wakati wa vita askari walifuata mng'aro wa mabati: penye bati pana cha kupora. Bulaimu akapandisha maboga hadi juu ya paa, nyumba ikapotea machoni. Vita vilipokwisha majirani waling'oa yao. Yeye akaendelea kupanda upya kila msimu, wakamcheka mpaka wakachoka.

Halafu ukaja mradi wa kupima misitu, na ndege yake inayomulika ardhi kwa miale. Binti yake, Mounira, akapata kazi humo ya kuendesha programu inayochambua kila nukta iliyoguswa na miale: hii ardhi, hii jani, hii paa. Siku ndege ilipopita Alunguli, mzee alikuwa juu ya paa akichuma mboga ya mchana.

"Papa," Mounira akamwambia, "mashini inasema nyumba yetu njo muti."

"Muti wa namna gani?"

"Mukubwa. Na kilele yake njo weye."

Mzee alifurahi kupita kiasi. Mounira hakufurahi hata chembe, maana penye msitu hapatolewi hati ya kiwanja, na wakaaji huhamishwa. Alisahihisha kwa mkono, akaandika nyumba. Programu ilipoendeshwa upya ikarudisha mti wake, mbishi kuliko mzee mwenyewe. Dawa ilikuwa moja tu, kukata maboga kabla ndege haijarudi.

"Siwezi kata," akasema Bulaimu.

"Vita ilikwisha, papa."

"Youssouf hajarudia."

Youssouf ni kaka yake Mounira. Askari walimkamata awabebee mizigo, wakaondoka naye kwa barabara ya Pangi.

"Aliacha nyumba iko na majani," mzee akasema. "Akikuta bati, atapita."

Miaka yote hiyo Mounira alidhani baba yake anaogopa askari tu.

Kesho yake walipanda wote wawili, wakakata upande wa nyuma mpaka bati likang'aa. Upande wa barabara ya Pangi hawakuugusa. Ndege ikapita tena, na safari hii programu ikaandika nyumba, na mbele yake mti. Hati ikatoka.

Bulaimu hakuitazama sana. Aliuliza kama katika mashini ule mti unaonekana kutoka barabara ya Pangi.

"Iko inaonekana, papa."

Akachukua ndoo, akaenda kuumwagilia.